Kelele za Mji na Jirani Tusiyemjua

Haya ni mazungumzo ya afisa wa afya ya umma wa kaunti mbele ya wakazi wa Saboti, wakiwemo viongozi wa dini, wahubiri wa barabarani, wafanyabiashara wa soko na wahudumu wa matatu na bodaboda. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeitana kwa sababu ya malalamiko yanayofika ofisini kutoka pande mbili. Upande mmoja ni wakazi na wafanyabiashara wanaosema kwamba mjini Kitale hawasikii tena wanachoambiwa na wateja, kwa sababu ya vipaza sauti. Wanawataja wahubiri wa barabarani kwanza. Upande wa pili ni wahubiri wenyewe, wanaosema kwamba wanafukuzwa kama wezi ilhali wanafanya kazi ya Mungu, na kwamba gari la matangazo ya biashara likipita na muziki wa juu kuliko wao hakuna anayeligusa. Pande zote mbili zina jambo la kweli. Nitasema juu ya yote mawili, kisha nitagusa jambo la tatu ambalo halijaandikwa kwenye barua yoyote ya malalamiko, nalo ni kwamba tunaishi karibu karibu siku hizi lakini hatujuani.

MJI UMEKUA HARAKA KULIKO DESTURI ZETU

Tuanze na hesabu. Katika sensa ya mwaka 2009, kaunti nzima ya Trans Nzoia ilikuwa na watu 818,757. Mwaka 2019 tulihesabiwa 990,341. Hilo ni ongezeko la kama mtu mmoja kwa kila watano waliokuwepo. Lakini mji wa Kitale peke yake ulitoka kwenye watu zaidi kidogo ya 106,000 hadi zaidi ya 160,000 katika miaka hiyo hiyo kumi. Kwa kila watu wawili waliokuwa mjini, ameongezeka mwingine mmoja. Mji umekua kwa kasi mara mbili na zaidi kuliko kaunti yenyewe.

Na watu hao wametoka kila upande. Kitale imekuwa njia panda tangu reli ilipofika hapa mwaka 1926. Wako waliotoka Bungoma kupitia Kiminini, walioshuka kutoka Mlima Elgon, waliotoka Kapenguria na Lodwar, waliotoka Eldoret na kwingine. Baba zetu wengi walifika kama wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, wengine wakaja baada ya Uhuru kwa njia ya mashamba ya makazi na makampuni ya kununua ardhi. Kwa hiyo watu wasiofahamiana kukutana hapa si jambo jipya. Jambo jipya ni wingi wao na jinsi wanavyobanana. Ploti moja ya Tuwan au Matisi inaweza kuwa na vyumba kumi au kumi na viwili, familia kumi na mbili, lugha tano, choo kimoja, na bado mpangaji wa chumba cha tatu hajui jina la mpangaji wa chumba cha nne.

Kijijini mtu akikohoa usiku, jirani anauliza asubuhi. Hapa mtu anaweza kuugua siku tatu nyuma ya pazia na wote wakadhani amesafiri. Si kwamba watu wa mji wana roho mbaya. Mwaka 1903 mwanafalsafa mmoja wa Berlin, Georg Simmel, aliandika juu ya jambo hili alipoona mji wake ukijaa watu. Alisema mtu wa mji hupitwa na nyuso, sauti na vitu vingi mno kwa siku moja, kiasi kwamba asipojifunga kidogo moyo hataweza kuishi. Kijijini ukikutana na watu ishirini kwa siku, unawasalimia wote. Kwenye steji ya matatu ya Kitale siku ya soko unapishana na mamia kabla ya saa nne. Huwezi kuwasalimia wote. Basi unaanza kutowasalimia wengi wao, na mwishowe humsalimii hata yule mnayeshiriki naye ukuta.

KELELE ZINAPUNGUZA UTU

Mnaweza kuuliza, hayo yanahusiana vipi na spika ya mhubiri? Yanahusiana sana, na jambo hili limepimwa.

Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Mathews na Canon, walichapisha jaribio rahisi. Mtu aliyefungwa plasta mkononi, kama aliyevunjika, alidondosha vitabu vyake barabarani mbele ya wapita njia. Palipokuwa kimya, watu wanane kati ya kumi walisimama wakamsaidia. Kisha wakawasha mashine ya kukata nyasi hapo karibu, ikinguruma bila kizuia sauti. Mtu yule yule, plasta ile ile, vitabu vile vile. Waliomsaidia wakashuka hadi chini ya wawili kati ya kumi. Wapita njia wa mara ya pili hawakuwa watu wabaya kuliko wa mara ya kwanza. Kelele iliwafanya watake kuondoka tu, na walipokuwa wakiondoka hawakuiona hata ile plasta.

Mtafiti mwingine, Donald Appleyard, mwishoni mwa miaka ya 1960 alilinganisha mitaa ya San Francisco yenye nyumba za aina moja lakini magari ya viwango tofauti. Waliokaa kwenye mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki watatu kwa wastani hapo hapo mtaani. Waliokaa kwenye barabara yenye magari mengi hawakufikisha hata rafiki mmoja. Watu walikuwa wameacha kukaa barazani. Walifunga madirisha na kuhamia vyumba vya nyuma.

Na kwa wazazi mlioko hapa, sikieni la tatu. Huko New York kulikuwa na shule iliyopakana na reli inayopita juu ya madaraja. Watoto wa madarasa ya upande wa reli walipimwa na mtafiti Arline Bronzaft mwaka 1975, wakalinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Walipofika darasa la sita, wa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma. Baadaye wakuu wa reli wakaweka mpira chini ya vyuma, na shule ikaweka dari za kunyonya sauti. Alipopima tena, tofauti ile ilikuwa imekwisha. Walimu walikuwa wa shule moja na vitabu vilikuwa vya aina moja. Kilichobadilika ni kelele.

Kwa hiyo ninaposimama hapa kama mtu wa afya na kusema kelele ni madhara, simaanishi masikio peke yake. Kelele inatunyima usingizi, inapandisha mapigo ya moyo, inamchelewesha mtoto darasani, na inatufanya tusimwone jirani. Kama tunataka mji wenye utu, hatuwezi kuuacha upige kelele usiku na mchana.

MHUBIRI ANA HAKI YAKE

Sasa niseme kwa upande wa mhubiri, kwa maana hapa wengi husema haraka, "Waondoeni wote." Hatutafanya hivyo, na sheria haituruhusu.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, na haki ya kuidhihirisha imani hiyo hadharani, akiwa peke yake au na wenzake, kwa ibada, mafundisho na desturi. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Sisi wa upande huu wa nchi tunajua haki hiyo ilivyopatikana kwa shida. Wazee wenu wanakumbuka Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, iliyoenea Bungoma na mashamba ya Kitale katika miaka ya 1940. Februari mwaka 1948 polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, watu wakafa. Dini ikapigwa marufuku mwaka huo huo, na Masinde akapelekwa kufungiwa mbali na kwao, Lamu. Uwe unakubaliana na mafundisho yake au hukubaliani nayo, somo linabaki: serikali ikianza kuchagua nani aruhusiwe kusali na nani asiruhusiwe, mwisho wake ni mbaya. Kaunti haina mamlaka ya kupima mahubiri ya mtu, wala haiyataki.

Tena mhubiri wa barabarani anafanya kazi ambayo wengi wetu tumeiacha. Kijana ameshuka kwenye basi kutoka Lodwar, hana ndugu hapa, hana kazi, ana njaa. Mji mzima unampita. Mtu wa kwanza kumwita "ndugu yangu" na kumwambia kuna matumaini ni mhubiri yule wa steji. Kwa mtu mpweke hilo si dogo. Mhubiri amekuja barabarani kwa sababu ile ile inayotusumbua sote: mji umejaa watu wasiosemeshwa na mtu.

Lakini hapo ndipo shida inapoanzia. Anayetaka kumfikia mmoja anapaza sauti awafikie elfu. Na jirani yake, mhubiri mwingine mita ishirini kutoka hapo, anaongeza yake ili asizidiwe. Muuza dawa za mitishamba naye anawasha kipaza sauti. Duka la simu linatoa spika mlangoni. Makanga wanapiga honi. Ifikapo saa sita mchana hakuna hata mmoja kati yao anayesikika. Kila mmoja amelipia jenereta na betri ili amfunike mwenzake, na yule kijana wa Lodwar ameziba masikio na kuondoka.

SHERIA INASEMA NINI

Haki ya mhubiri inakutana na haki nyingine. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Ndiyo maana mnatuona sisi na si serikali ya kitaifa peke yake.

Viwango vyenyewe vimewekwa katika kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 na kusimamiwa na NEMA. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mchana, maana yake saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, viwango vya juu ni hivi:

Maeneo ya kimya na maeneo ya ibada: desibeli 40.
Ndani ya nyumba za makazi: desibeli 45.
Nje, katika maeneo ya makazi: desibeli 50.
Makazi yaliyochanganyika na biashara: desibeli 55.
Eneo la biashara: desibeli 60.

Baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kote huko ni desibeli 35. Hiyo ni sauti ya chini sana, juu kidogo ya mnong'ono. Kesha la vipaza sauti katikati ya nyumba za watu halipo ndani ya kiwango hicho, liwe la kanisa, la harusi, la matanga au la baa.

Angalieni pia kwamba maeneo ya ibada yamewekwa pamoja na maeneo ya kimya. Sheria inamlinda mwabudu dhidi ya kelele za wengine, na kwa kipimo kile kile inamtaka naye asimsumbue mwingine.

Kanuni hizo zinawataja kwa jina wachuuzi, makanga, wahubiri wa barabarani na wapiga mnada, na kusema wasipige kelele katikati ya mji, katika maeneo ya makazi, wala katika maeneo ya kimya. Mhubiri yumo, na makanga yumo. Kwa hiyo mhubiri anayelalamika kwamba yeye peke yake ndiye anayeguswa ana hoja. Sheria ikitumika ni lazima imfikie pia mwenye gari la matangazo, mwenye baa na mwenye matatu. Ikimgusa mnyonge na kumwacha mwenye pesa, hiyo haitakuwa sheria tena.

Wenzetu wa jirani wamechukua hatua kali zaidi. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali kwa sababu za ubora wa majengo, usafi na kelele. Hapa Kenya, mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Sisi tungependa kufika mahali pazuri bila kufuli, kama tutasikilizana.

DESIBELI KWA LUGHA YA SOKONI

Watu wengi hudhani desibeli 70 ni zaidi kidogo tu ya 60. Sivyo. Kila desibeli kumi zinazoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi, na sikio la mtu huisikia kama imekuwa mara mbili. Kwa hiyo 80 si "theluthi zaidi" ya 60. Kwa sikio ni kama mara nne.

Jambo la pili ni umbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, sauti hushuka kama desibeli sita. Tuchukue spika ya tarumbeta inayotoa desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake. Si kitu cha ajabu, ziko nyingi zenye nguvu zaidi. Ukiwa mita mbili ni 94. Mita nne, 88. Mita nane, 82. Ukifika mita 64 bado ni 64. Inakubidi usogee mita 100, urefu wa uwanja wa mpira, ndipo uipate ile 60 inayoruhusiwa katika eneo la biashara. Na hiyo ni bila kuta za maduka zinazoirudisha sauti. Kati ya spika na mita hizo mia kuna wauza mboga wangapi? Kuna mashine za M-Pesa ngapi, kliniki ngapi, madarasa mangapi?

Sasa mfikirieni mama mboga ambaye meza yake iko hapo hapo mbele ya spika. Wataalamu wa afya ya kazini wanashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 muda ulio salama ni kama dakika kumi na tano. Mama huyo anakaa hapo tangu asubuhi. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Hakuna dawa yake wala upasuaji wa kuurudisha.

Njia rahisi ya kupima bila mashine ni hii: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako na uongee kwa sauti ya kawaida. Kama inakubidi kupaza sauti ili akusikie, hapo mko karibu na desibeli 85. Spika hiyo ni kubwa mno. Mhubiri mwenyewe anaweza kufanya jaribio hilo kwa dakika moja kabla ya kuanza.

SWALI LA KUAMULIA

Tukikaa na pande zote mbili, swali linalotusaidia sana ni hili: je, asiyetaka kusikia anaweza kuondoka?

Mpita njia anaweza kuondoka. Nairobi kuna Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma mwaka 1906. Saa ya chakula cha mchana watu huenda pale, wengine kusikiliza mahubiri, wengine kubishana siasa, wengine kulala kwenye nyasi. Anayechoka na mahubiri husogea. Hakuna aliyefungiwa.

Lakini mgonjwa wa hospitali ya kaunti hawezi kuamka kitandani aondoke. Mtoto wa darasa la nne hawezi kuondoka. Mama mboga hawezi kuhama meza yake, maana amelipa ushuru wa mahali pale. Mlinzi wa usiku aliyelala mchana ndani ya chumba chake cha mabati hana pa kwenda. Hao ndio tunaowalinda. Uhuru wa kusema hauwi haki ya kumlazimisha asiyeweza kukimbia.

Kwa viongozi wa dini hamhitaji mimi niwafundishe. Wachungaji wanaijua habari ya nabii Eliya mlimani, kwamba Bwana hakuwa katika upepo wala tetemeko wala moto, bali ilikuja sauti ya utulivu. Maimamu wanaujua wosia wa Luqman kwa mwanawe, alipomwambia ashushe sauti. Dini zote mbili zilienea miji na vijiji kwa miaka mingi kabla jenereta haijabuniwa.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwa wahubiri na kila mwenye spika:

Kwanza, tumieni spika ndogo mbili zilizo usawa wa kifua, zikiwaelekea waliosimama kusikiliza, badala ya tarumbeta moja iliyopandishwa juu ya mti. Wasikilizaji wenu watasikia vizuri zaidi na walio mbali hawatasumbuka.

Pili, pangeni zamu. Wahubiri watatu wanaogawana steji kwa saa watasikika wote watatu. Wakisimama kwa pamoja hatasikika hata mmoja. Kamati ya wahubiri inaweza kupanga zamu hizo bila askari yeyote.

Tatu, kaeni mbali na hospitali, shule, mahakama na nyumba za watu. Kama hujui eneo limewekwa kundi gani, uliza kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya mazingira kabla ya kuanza.

Nne, kwa mkutano mkubwa wa injili au sherehe yenye vyombo, ombeni kibali mapema na mwambieni majirani siku na saa ya kumaliza. Jirani aliyeambiwa huvumilia mambo ambayo jirani aliyeshtukizwa hayavumilii.

Kwa anayesumbuliwa:

Anza kwa kuzungumza. Nenda wakati mhubiri amepumzika, usiende akiwa katikati ya maombi, na umweleze shida yako: "Mchungaji, mtoto wangu anafanya mtihani," au "Pasta, wateja hawanisikii." Wengi watapunguza. Ikishindikana, andika tarehe, saa, mahali na aina ya kelele, umpelekee msimamizi wa wadi au afisa wa mazingira wa kaunti. Unaweza pia kufika ofisi ya NEMA. Malalamiko yenye tarehe na saa yanashughulikiwa haraka kuliko ya "wanatusumbua kila siku." Usichukue sheria mkononi. Kukata waya wa spika ya mtu au kumrushia mawe ni kosa, na hakuna kiasi cha kelele kinachokuhalalishia.

JIRANI WA CHUMBA CHA NNE

Nimesema kuna jambo la tatu. Tukifaulu kupunguza sauti mjini, tutabaki na nini? Tutabaki na ukimya. Na ukimya wa watu wasiojuana si utulivu. Ni upweke tu ambao sasa unasikika vizuri.

Kwa hiyo nawaomba mambo madogo. Katika kila ploti, muwe na orodha moja ya majina, na kando ya kila jina namba ya ndugu wa kupigiwa mtu akizidiwa. Caretaker aitunze. Tumeshaona wagonjwa wakifikishwa hospitali na majirani wema ambao hawakujua hata jina la waliyembeba. Daktari anauliza, "Anaitwa nani? Ana kisukari? Ana ndugu wapi?" na jibu ni "Tunamwita Baba Njano, hatujui mengine." Dakika zinazopotea hapo zinaweza kumgharimu maisha.

Mfahamuni mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji hawa wamepewa vifaa na kazi ya kutembelea kaya zote. Akibisha mlango, mfungulieni. Yeye ni mtu wa serikali ambaye kazi yake ni kujua kama umeamka salama. Mpango wa Nyumba Kumi nao haukuanzishwa kwa ajili ya kukamata wahalifu tu. Watu wa nyumba kumi wakijuana, mzee anayeishi peke yake hatasahaulika.

Na makanisa na misikiti, hapa mnaweza kutusaidia kuliko idara yoyote. Nguvu mnayotumia kwenye jenereta, itumieni robo yake kwenda mlango kwa mlango. Mhubiri aliyepanda ngazi hadi chumba cha nne, akagonga, akasema "Hodi, nimekuja kukujulia hali," hahitaji kipaza sauti. Atasikiwa na mtu mmoja, na mtu huyo atamkumbuka.

Sasa ni nafasi yenu ya kusema. Ningependa wahubiri wazungumze kwanza, kisha akina mama wa soko, kisha vijana wa matatu, ili tukiondoka hapa tuwe na ratiba ya zamu na majina ya watakaoisimamia. Bwana Chifu ataandika. Tafadhali kila mmoja ataje jina lake na mtaa anaotoka kabla ya kusema, ili tuanze kujuana hapa hapa.